Chang'ombe Hakuna Hilda

Hilda aliketi, akaiweka bahasha yake mezani. Alikuwa na shahada ya ugavi, na alikuwa amezungusha vyeti Dodoma nzima hadi bahasha zikachakaa. Leo ndiyo mara ya kwanza kuitwa kwenye usaili: mtunza ghala, kiwanda cha mafuta ya alizeti, njia ya kwenda Mtumba.

Maswali ya ghala aliyajibu vizuri. Kisha Mzee Ambokile, afisa utumishi, akaivuta kompyuta karibu.

"Umeolewa?"

"Hapana, baba."

"Una mtoto?"

Rafiki yake Emiliana alikuwa amemwonya: "Ukisema unaye, wanakuona mtu wa ruhusa za kliniki kila wiki. Sema huna, shoga yangu."

"Sina," Hilda akasema.

"Ukipatwa na jambo kazini, tumpigie nani?"

Akataja namba ya Mama Mwajabu, mwenye nyumba wake wa Chang'ombe. Mzee Ambokile akaipiga pale pale kwa simu ya mezani, sauti ikasikika chumba kizima.

"Mbona unapiga sasa hivi, baba?"

"Mwaka jana kijana wetu mmoja, Meshack, aliangukiwa na magunia. Namba aliyotuachia ilikuwa haipatikani. Akafariki hospitali hatujui hata tumwambie nani. Tangu siku ile kila namba naijaribu."

"Haloo!" Mama Mwajabu akapokea.

"Habari za asubuhi, mama. Unamfahamu Hilda?"

"Hilda gani?"

"Anasema anakaa kwako."

"Kwangu hakuna Hilda. Nyie ndio wale matapeli wa 'tuma kwenye namba hii'? Leo mmenikosa!"

Mzee Ambokile akainua macho, kidole kikienda kukata simu. Tangu Hilda ahamie kwa yule mama akiwa amebeba kichanga, hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumwita Hilda. Akainama juu ya simu.

"Mama, shikamoo. Ni mimi, Mama Elisha."

"Marahaba! Si ungesema! Mwanao huyu hapa, kanimalizia karanga zote..."

Simu ikakatwa. Nje wapakuaji walikuwa wakipigiana kelele.

"Binti, si ulisema huna mtoto?"

"Nilidanganya, baba. Naomba unisamehe. Lakini hilo la simu nimeelewa kwa nini mnauliza. La mtoto mnalitakia nini?"

Mzee akakuna kidevu. "Nililikuta kwenye fomu," akasema. "Wakubwa wanaogopa ruhusa." Akaitazama kompyuta. "Nikiacha hapa 'hana', nani atajua?"

Hilda akamwona Elisha kichwani mwake, mdomo umejaa karanga.

"Andika ninaye, baba. Siwezi kumkana mara mbili kwa asubuhi moja."

Alitoka nje kwenye upepo wa vumbi. Alikwenda hadi barabarani, akarudi hadi getini, akaenda tena. Bajaji ilimpigia honi, hakuiona. Simu yake ikaita: Mama Mwajabu.

"Mama Elisha, yule baba kapiga tena! Eti ukianza kazi Jumatatu, mtoto atabaki na nani? Swali gani hilo? Nimemwambia, kwani mimi nimekufa?"