Majani Yaliyoondoka na Maji

Mara ya tano mjane alisuuza kitambaa chake mbele ya watu, na mara ya tano majani yakaondoka na maji. Alipokifungua dakika chache kabla, yalikuwapo yote: jani la mkaratusi lenye wekundu wa tofali, jani la mpera ambalo ungeweza kuhesabu mishipa yake, na madoa ya manjano yaliyoachwa na maganda ya vitunguu. Wafanyakazi walikuwa wameanza kusogea ili waone. Kisha akakitumbukiza katika beseni, akakifikicha kidogo tu, na maji yakawa rangi ya chai hafifu. Alichokiinua kilifanana na dekio.

“Wifi, majani yako yana miguu,” akasema Dada Mkubwa kutoka kwenye meza yake. “Yamekuja kusalimia, yamekwenda zao.”

Mpiga pasi alicheka hata akaiweka pasi kando.  Mjane alikikamua kitambaa, akakianika, akarudi kwenye cherehani kushona pindo.

Dada Mkubwa, jina aliloitwa na wote karakanani hata na waliomzidi umri, alikuwa binti wa kwanza wa mzee mwenye karakana. Kwa miaka thelathini alikuwa amechora maua kwa brashi juu ya vitambaa vya meza na mapazia: maua ya namna sita, yale yale aliyofundishwa na mama yake, bila kuongeza la saba. Ndugu yake mdogo alipofariki, mke wa ndugu huyo, aliyekuwa mtunza miche katika kitalu, aliletwa karakanani kushona pindo. Alishona mwaka mzima bila kuinua uso. Kisha akaanza mambo yake. Alitandaza majani halisi juu ya kitambaa, akakiviringisha kwenye kipande cha bomba, akakikaza kwa kamba na kukipika kwa mvuke saa mbili, ili jani lijichore lenyewe pasipo mkono wa mtu. Alijaribu mabichi na makavu. Alijaribu maji ya misumari iliyoachwa ndani ya siki mpaka ikashika kutu, ili yakaze rangi. Kila jaribio aliliandika katika daftari, kama mwanafunzi.

Mzee hakuwa akiona tena, lakini alisimuliwa, naye akapendezwa. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa ameagiza mapazia mapya ya ukumbi, na safari hii aliomba kitu ambacho macho hayajakizoea. Basi mzee akatoa neno: majani yakikaa kabla ya mwisho wa mwezi, mapazia yatakuwa kazi ya mjane, na chumba cha nyuma kitakuwa chake. Yasipokaa, atarudi kwenye pindo, na habari ya majani isitajwe tena.

Mapazia ya ukumbi ule tangu zamani yalikuwa kazi ya Dada Mkubwa. Chumba cha nyuma alikitumia kuanikia vitambaa vyake. Neno la baba yake lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Naye alijua kwa nini majani hayakai. Kila kitambaa kilichoingia karakanani yeye mwenyewe alikichovya katika uji wa wanga uliochanganywa na gundi, mlango ukiwa umefungwa, kama mama yake alivyomfundisha yeye peke yake. Wanga ulizuia rangi ya brashi isitambae. Lakini jani likipikwa juu ya wanga, rangi yake hulala juu ya wanga tu, na huo ukisuuzwa, huondoka na rangi yote. Mjane alijua miche, hakujua vitambaa. Alidhani ugumu ule ni wa kiwandani. Dada Mkubwa alimpimia vitambaa kwa mkono wake, akamkabidhi kwa uso mkavu, na moyoni akajiambia kwamba kunyamaza si kusema uongo.

Alipoona majani yameondoka mara ya tano, mjane alikaa na daftari lake hadi saa ya kufunga kazi. Asubuhi yake alikuja hadi kwenye meza ya maua, akasimama wima. Mzee alikuwa amekaa kitini karibu na mlango, akiota jua.

“Wifi, nimebadilisha majani, nimebadilisha maji, nimebadilisha bomba. Kitu kimoja sijabadilisha, nacho ni kitambaa. Kimetiwa kitu?”

Dada Mkubwa aliendelea na petali aliyoianza. “Hakina kitu. Kimefuliwa, kiko safi. Kasoro iko mikononi mwako.”

Hilo lilikuwa uongo, tena wa waziwazi, na mwenye kuusema alijua. Hakuwa amewahi kumdanganya mtu juu ya kitambaa maishani mwake, na alishangaa jinsi maneno yalivyomtoka kwa wepesi.

Mzee akanyoosha mkono. Akamwomba mkwewe amletee kitambaa kile, akashika pembe yake, akaiweka juu ya ulimi. Mafundi wa zama zake walipima hivyo. Kitambaa kisafi hunywa mate na kuuacha ulimi mkavu. Chenye wanga huteleza, kisha hunata. Alikaa nacho mdomoni kitambo, kama mgonjwa anyonyaye kidonge, kisha akakitoa.

“Hiki kina wanga, na gundi,” akasema. “Nani amekitia?”

Brashi ilisimama. Dada Mkubwa akasema kwamba vitambaa vyote vya hapa hutiwa, ndiyo desturi ya mama.

“Desturi naijua. Nakuuliza habari ya uliyomwambia mwenzako sasa hivi, nami nikisikia. Mama yako alikuwa na kiburi kukuzidi, na ulimi wake ulikata maini. Lakini mtu akimwuliza juu ya kitambaa, alimwambia kweli.” Akapangusa midomo. “Utamfulia. Kwa maji ya moto na sabuni ya mche, hapo uani, mchana huu. Na siku ya kukifungua, wewe ndiwe utakayesuuza.”

Dada Mkubwa alifua. Wafanyakazi walipita na kupita, kila mmoja akiwa na shughuli ya ghafla uani. Mpiga pasi, aliyekuwa ameucheka mzaha wa majani, sasa alisimama mlangoni akauliza kwa upole kama Dada Mkubwa amepandishwa cheo. Hapakuwa na wa kumkemea. Mjane alisimama kando ya beseni, mikono kifuani.

“Usidhani nafua kwa kukupenda,” Dada Mkubwa akamwambia kwa sauti ya chini.

“Sidhani. Pembe bado zinanata. Rudia.”

Akarudia.

Kitambaa kilipokauka mjane alitandaza majani yake, akaviringisha, akakaza, akapika. Aliliacha furushi lipoe siku mbili bila kuguswa. Siku ya tatu likafunguliwa mbele ya mzee, na majani yakaonekana kama yalivyoonekana siku zote. Hakuna aliyestaajabu, kwani kuonekana hakujawahi kuwa tatizo. Dada Mkubwa akakipokea, akakizamisha.

Alifikicha. Maji yalibaki meupe. Alifikicha tena kwa nguvu ambayo hakuna kitambaa kinachostahili, akasugua kwa ngumi kama asuguaye masizi ya sufuria, jasho likimchuruzika hadi kidevuni. Aliomba moyoni liondoke walau jani moja. Alikikunjua. Mkaratusi ulikuwapo, mwekundu. Mpera ulikuwapo, na mishipa yake ilikuwa myembamba kuliko mstari wowote uliopata kutoka katika brashi yake kwa miaka thelathini. Aliyaona hayo kama fundi aonavyo, na aliyachukia.

“Yapo?” akauliza mzee.

Mjane alifungua kinywa, lakini mzee akainua kiganja. Hakumwuliza yeye, wala mpiga pasi, wala wengine waliokuwa wamejaa mlangoni.

Dada Mkubwa alisimama na kitambaa kikimchuruzikia miguuni.

“Yapo,” akasema. Kisha, kwa kuwa naye alikuwa fundi, akaongeza: “Lakini amefunga kwa kulegea. Upande wa kushoto jani limehama. Kwa mapazia ya ukumbi itakuwa aibu.”

“Na chumba?”

“Ni chake.”

Mjane akachukua kitambaa mikononi mwake, akautazama upande wa kushoto, akaona kwamba aliyoambiwa ni kweli. Hakushukuru. Alisema tu kwamba kwa mapazia atahitaji vitambaa kumi na viwili, vyote visiwe na wanga.

“Kufua nimekwisha kukuonyesha,” akasema Dada Mkubwa. “Mikono unayo.”

Akaingia chumba cha nyuma, akaanza kuteremsha kamba zake za kuanikia, kabla mtu yeyote hajamwambia.