Dalili za Gerishon

Mimi mtu hanifichi ugonjwa. Nikikuona unavuka barabara pale Kangemi, kabla hujafika ng'ambo nimeshajua kama ni malaria, ni vidonda vya tumbo, ama ni mshahara tu umechelewa. Kipaji hiki sikukisomea. Biolojia nilipata D, na hata hiyo mwalimu alisema ni huruma yake. Lakini wenzangu tunaouza nao mikanda na vifuniko vya simu kando ya barabara ya Tom Mboya huniita Daktari, na mimi huitika.

Ndiyo maana mwaka wa 2006, mama yangu alipoanza kutoa jasho, sikuona haja ya kumuuliza.

Ilikuwa Julai, ule mwezi ambao Nairobi nzima hutembea imekunja mikono. Mama anaitwa Nanyama, na anauza mrenda na kunde sokoni. Alikuwa akivua sweta katikati ya kumhudumia mteja, anashika ungo, anajipepea mpaka majani yanaruka. Baada ya muda anauliza nani amechukua sweta yake. Nyumbani tunaishi chumba kimoja, pazia katikati. Kila asubuhi alianika shuka lililolowa, na dirisha alikuwa ameliacha wazi tangu jioni, mimi huku kwenye kochi nimekauka kwa baridi kama samaki wa omena. Akawa mkali pia. Mteja aliyeuliza kama mrenda ni wa jana aliambiwa aende akapande wake. Akaanza kusahau, tukanywa chai ya chumvi. Magoti yakawa yanamuuma. Halafu siku moja akampa jirani yetu Kalekye koti lake zito, koti la pekee alilokuwa nalo, akasema yeye hana haja nalo tena.

Mtu akianza kugawa nguo zake, unajua.

Baba alifariki nikiwa kidato cha tatu. Ugonjwa wake sisi tuliuita kifua. Watu wa kwetu Bungoma nao waliuita kifua, mhubiri kaburini akasema kifua, na kila mtu akaitikia akitazama viatu vyake. Kwa hivyo nilipojumlisha jasho, hasira na lile koti, jibu lilikuja lenyewe. Sina ndugu. Nilijiona nimebaki peke yangu katika kile chumba, naangalia ungo, na kwa mara ya kwanza maishani nikakosa la kuchekesha.

Kumuuliza, hapana. Mama yangu humwulizi hata umri, sembuse mambo ya mwili wake. Nikaona heri niwe mwema. Nikaanza kuosha sufuria. Nikachota maji kabla sijatumwa. Nilimnunulia machungwa na maini, na kila alipoinama kuokota kitu nilimwambia, "Pumzika, mama," kwa ile sauti ya watu waliokuja matanga. Yeye alikuwa ananitazama tu, kijiko kikiwa hewani.

Mpango wangu ulikuwa rahisi, kama mipango yote ya watu wasiofikiri. Niende kituo cha kupima virusi, nitaje dalili, nipewe dawa, nimtilie kwenye uji. Cha Kangemi hakifai, benchi lake linatazama barabara na ukikalia pale habari hufika nyumbani kabla yako. Nikachagua kimoja mjini, ghorofa ya tatu, juu ya duka la kukodisha magauni ya harusi. Mama nilimwambia naenda kuchukua mzigo kwa Kibe, yule anayetuletea mikanda. Akasema sawa. Alisema sawa upesi sana, na mimi, Daktari, sikuona kitu.

Aliyenipokea alikuwa muuguzi wa makamo, beji yake imeandikwa Njambi. Aliniingiza katika kachumba kalikotengwa kwa mbao nyembamba, na upande wa pili, kwenye benchi la kungojea, redio ilikuwa imefunguliwa kwa sauti kubwa ili siri za watu zisisikike. Akasema hapa hatutaji majina. Nikamwambia naitwa Gerishon, jina la kwanza lililonijia.

Sikuweza kusema ni mama. Kumtaja mama mahali pale niliona ni kama kumchimbia kaburi kabisa. Basi nikasema mgonjwa ni mimi, na nikazimwaga dalili zote. Joto linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linafika usoni kama mtu amefunua sufuria ya githeri inayochemka. Halafu baridi. Jasho la usiku, hasira, kusahau, magoti.

Hapo ndipo stima ikapotea. Redio ikanyamaza. Mimi nikaendelea na sauti ile ile ya kushindana na redio.

Sister Njambi aliweka kalamu chini. "Hili joto linakupata hata mchana?"

"Hata sokoni, sister. Navua sweta mbele ya wateja."

"Una miaka mingapi, Gerishon?"

"Ishirini na miwili."

"Na hedhi yako ya mwisho uliiona lini?"

Nilikuwa nimezama katika ule uongo kiasi kwamba nilianza kuhesabu miezi kwa vidole. Nilifika Machi nikasimama.

Yeye alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanamcheza. Alipopata sauti aliuliza kwa upole, "Ni mama, si ndiyo?" Nami, mwanamume mzima mwenye kibanda chake mjini, nikalia mpaka kamasi. Akaniuliza kama ameshafariki. Nikasema bado.

Basi akanieleza, na mimi nikasikiliza kuliko nilivyowahi kusikiliza darasani. Kwamba wanawake wengi wakikaribia hamsini hedhi hukoma, homoni zinapungua, na mwili unakosa kujua kama ni Julai ama Januari. Joto, kukosa usingizi, hasira, kusahau, hata viungo kuuma. Alisema yeye akisomea uuguzi walifundishwa kama vile jambo hili ni la Wazungu tu, kwa sababu wa huku hakuna aliyewauliza. Sasa kuna utafiti huko Marekani unaowafuata wanawake wa rangi mbalimbali mwaka baada ya mwaka, na weusi ndio waliosema wanapata hili joto zaidi ya wengine. Nikauliza dawa. Akasema vidonge vya homoni vipo, lakini miaka minne iliyopita utafiti mwingine mkubwa ulisimamishwa kabla ya wakati wake, maana waliomeza homoni mbili pamoja walizidi wenzao kwa saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Kwa hivyo si vya kununua tu dukani, wala si vya kutiwa kwenye uji. Daktari amwone kwanza, apimwe presha, na aangaliwe mifupa, maana baada ya hedhi kukoma mifupa nayo hupungua nguvu.

"Lakini nisikudanganye," akasema. "Jasho la usiku linaweza kuwa kifua kikuu, linaweza kuwa virusi. Siwezi kumpima mtu kwa mdomo wa mwanawe. Mlete."

Nikamwuliza nitamwambiaje mama yangu maneno kama hayo. Akasema nimwambie kwa mdomo ule ule niliomwambia yeye. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshapanda ngazi zote zile, akanidunga kidole. Nilifumba macho kama mtoto wa chanjo. Tulingoja, kisha akatamka wazi kwamba sina virusi, na ile hedhi nisiihangaikie.

Nikapangusa uso, nikatoka kwa mwendo wa Gerishon.

Benchi lilikuwa limejaa, na watu wote walikuwa wananitazama kwa huruma. Pale mwisho alikuwa ameketi mama, kikapu cha sokoni kikiwa miguuni, anajipepea kwa karatasi ya mafunzo ya kondomu. Uso wake ulikuwa umelowa, na safari hii sikujua kama ni jasho.

"Tangu lini wewe unaosha sufuria?" akasema. "Nikasema huyu mtoto ni mgonjwa, amekuja kuniaga. Nimekufuata tangu nyumbani."

"Mama, mimi nilidhani..."

"Nimesikia ulichodhani. Hawa wote wamesikia. Mimi nilipimwa baba yako alipotuacha, nikarudia tena, na sina kitu. Ungeniuliza, Sammy."

"Na koti?"

"Lilikuwa linanichoma."

Mzee mmoja aliyeshika fimbo alimgeukia, akauliza kwa heshima kama huyu ni kijana wake.

"Ni wangu," mama akasema, bila kuacha kujipepea. "Mwonee huruma, mzee. Hedhi imemkoma mapema."

Mzee akasogea, akanipa nafasi niketi.