Ngano Isiyo na Kapi

Mimi kufundishwa kazi sipendi, na wakulima wote wa huku wanalijua hilo. Nimeendesha mashine ya kuvuna miaka kumi na tisa. Kwa hiyo dada yangu aliponiambia, "Kaka, ngano ya jirani imekataliwa kiwandani kwa sababu ya makapi, yangu naomba itoke safi," nilimwambia anipishe nifanye kazi.

Lakini nilimwelewa. Mumewe alikuwa amefariki mwezi wa pili, na haya yalikuwa mavuno yake ya kwanza peke yake. Mashemeji zake walishasema mbele ya watu kwamba shamba likimshinda watalichukua. Walikuja kushuhudia, wamejipanga ukingoni mwa shamba, mikono nyuma.

Raundi ya kwanza tangi la mashine, linapoingia ngano, lilijaa makapi. Nikaongeza feni, nikabana chekeche. Bado. Nikaongeza feni tena, mpaka ngano ikatoka inang'aa. Dada akachota kiganja kimoja, akaitazama, machozi yakamtoka. "Mungu akuweke, kaka." Basi, kichwa kikavimba.

Kwenye kazi yetu, ukigusa feni unasimama baada ya hatua chache, unashuka, unakwenda nyuma ya mashine kutazama chini. Feni ikizidi haichagui, inapeperusha makapi pamoja na punje. Madereva wangapi nimewafokea kwa hilo. Siku hiyo nilishuka raundi ya tatu, tena kwa kwenda haja tu, nikaona punje zimetapakaa chini ya mabua, nzima, nzito, nyingi.

Ningepunguza feni palepale. Lakini dada alikuwa anawaonyesha mashemeji ile ngano kiganjani, na mimi niliona aibu makapi yarudi mbele ya macho yao. Nikapanda, nikamaliza shamba hivyohivyo.

Kiwanda kiliipokea yote, daraja la kwanza. Magunia yalikuwa arobaini na moja. Mwaka uliotangulia marehemu alivuna sabini. Mashemeji wakasema shamba limemshinda mwanamke. Nilikuwepo, nimekaa nao benchi moja, nikasema mvua ya mwaka huu ilikuwa haba. Nikajiona nimemtetea. Shamba likachukuliwa.

Wiki tatu baadaye, mvua ilipokuwa imenyesha vizuri, dada alikuja nyumbani akasema twende. Tulisimama kando ya barabara. Shamba zima lilikuwa na mistari ya kijani kibichi, kila mmoja upana wa nyuma ya mashine yangu, toka ukingo hadi ukingo. Ngano yake ilikuwa inaota.

"Ulijua lini?"

Uongo ulinijia mdomoni, nikaumeza. "Raundi ya tatu."

"Kati ya ngapi?"

"Ishirini na sita."

Hakunitukana, na heri angenitukana. Alijifunga mtandio, akaondoka kwa miguu. Kwangu bado anakuja. Anamsalimia mke wangu, anawapakata wanangu, wanamwita shangazi. Mimi ananiita dereva.