Chupa ya Arobaini na Moja

"Usinipe huo mkono," Gesare alimwambia bintiye mlangoni, kwao Ekerenyo. "Jana Sabato ulishinda ukishika panya nao."

Hiyo ndiyo salamu aliyopewa Persis, mkemia anayeunda dawa mpya za kifua kikuu katika maabara mjini Kisii. Akaingia amekunja uso. Mama gani huyu! Kaka yake Onchiri alikuwa na kifua kikuu sugu, vidonge vya zahanati vimegonga mwamba, na mama alishikilia neno moja tu: dawa ipo, Persis anaibana.

Ulimi wake Persis ndio uliomponza. Alijigamba mezani kwamba dawa yake namba arobaini na moja imeua vijidudu vyote ndani ya glasi. Mama akaiomba palepale, naye akakataa, kwa kuwa haikuwa imejaribiwa hata kwa panya. Tangu hapo hawakuangaliana usoni, mpaka Jumatatu, Gesare alipotokea maabara na mkungu wa ndizi, mpole ajabu. Persis alifurahi mno, akatoka kumtafutia chai.

Leo amekuja na habari. "Mama, panya wote tuliowapa ile dawa wamekufa. Maini yameharibika kabisa."

"Mwongo mkubwa we! Choyo kimekujaa mpaka kooni. Mungu ametusaidia bila wewe. Onchiri! Njoo dada yako akuone."

Onchiri alitoka chumbani kwa miguu yake mwenyewe, anacheka. "Leo nimemaliza ugali wote, Persis."

Pumzi yake ilinuka kitunguu saumu. Nyumba hii haijawahi kukipika. Lakini panya wote wa Persis kule maabara walinuka hivyohivyo, kwa sababu ya kimiminika alichoyeyushia dawa ile.

"Mama, ulichukua chupa yangu?"

"Nilichukua. Namtilia kwenye uji, asubuhi na jioni. Utanipiga?" Gesare alishika kiuno. "Haya, niambie, daktari ni nani sasa?"

Persis alimvuta kaka yake hadi mlangoni penye mwanga, akamfunua kope. Jicho lote lilikuwa la manjano.

"Ita pikipiki, Mama! Hospitali, sasa hivi!"

Gesare alimsonya. "Hospitali ya nini, na chupa bado ina nusu?"