Sinia la Bi Darubini

Kwenye kiwanda cha uchapaji alikosahihisha vitabu kwa miaka ishirini na saba, walimwita Bi Darubini kwa ajili ya lenzi aliyoitembeza juu ya kila karatasi. Sasa macho yalikuwa yamemtupa mkono. Mwezi uliopita kosa lilimponyoka likatokea juu ya jalada, mchana kweupe, na meneja, mtu mpole mno kwa kazi yake, akamwandikia barua ya kustaafu. Akamkabidhi Jumatatu.

"Hiki kitabu cha dawa kiwe cha mwisho, mama. Ukapumzike."

Kupumzika! Kana kwamba aliomba.

Meneja hakujua kwamba binti yake Bi Darubini alikuwa amemletea kishikwambi cha kusomea, kikubwa sawasawa na karatasi ya ofisini, chenye uso usiong'aa na maandishi yaliyotulia kama ya kitabu. Wiki ya kwanza alikinunia. Wiki ya pili akakuza herufi mpaka zikanona, akasoma riwaya nzima kwa siku tatu, kisha akalia. Hadithi yenyewe haikuwa ya kuliza. Alilia kwa sababu vitabu alikuwa ameshaviaga.

Siku alipoingia nacho kazini, fundi mitambo alipaza sauti: "Jamani, Bi Darubini kaja na sinia! Chakula kiko wapi?"

"Subiri, utakula tu," akamjibu bila kugeuka.

Kitabu chenyewe kilikuwa mwongozo wa dawa za watoto, toleo la pili. Meneja alisema kilichobadilika ni jalada na dibaji tu, apitishe jicho atie sahihi. Kwa haraka zake, Alhamisi asubuhi akaruhusu mashine ianze kabla ya sahihi yenyewe.

Bi Darubini alikuwa dirishani na sinia lake mapajani. Kifaa kile kilikuwa na kasoro moja: ukifungua ukurasa, kivuli hafifu cha ule uliotangulia kilibaki kidogo ndipo kifutike. Binti yake alitaka kuiondoa, mama akakataa katakata. Alifungua toleo la zamani na jipya, akawa anaruka kutoka ukurasa wa toleo moja kwenda ukurasa uleule wa jingine. Palipolingana, kivuli kilijificha chini ya herufi. Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, kivuli kilichungulia.

Akarudia. Kikachungulia tena.

Safu ya vipimo ilikuwa imepanda mstari mmoja. Kila neno lilikuwa sahihi, kila tarakimu sahihi, ila mtoto wa mwaka mmoja alikuwa amepewa dozi ya mtoto wa miaka mitano.

Alikuwa hajakimbia kwa miaka mingi. Alikimbia.

"Zima mashine!"

"Mama, meneja kasema..."

"Zima, nakwambia!" Akamwekea sinia mbele ya pua. Fundi akatazama ukurasa wa zamani, akatazama mpya, na cheko likamwisha. Akabonyeza kitufe chekundu. Ukumbi mzima ukanyamaza.

Meneja akatoka mbio. "Nani kazima?"

"Mimi."

Meneja akafuata mstari kwenye sinia kwa kidole, kutoka kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi kwenye kipimo chake. Akaurudia. Nyumbani kwake alikuwa na mtoto wa umri huohuo.

"Mama," akasema polepole, "hii ingeua."

"Ingeua. Na usingeona hata herufi moja iliyokosewa."

Fundi mitambo ndiye aliyeanza kupiga makofi, wengine wakadakia mpaka bati la paa likaitikia. Bi Darubini alifurahi, na hakuona sababu ya kuficha. Akafungua mkoba, akatoa bahasha.

"Na hii nilishaisahihisha. Tangu Jumatatu."

Barua ya kustaafu ilikuwa imepigwa mstari mwekundu kutoka juu hadi chini, na pembeni, kwa mwandiko ulionyooka, pameandikwa: Futa yote.

Meneja akamwomba kalamu yake nyekundu, akatia sahihi chini ya maneno hayo papo hapo.