Mlango wa Kati

Lango letu la mawe lina milango mitatu, na kila mtoto wa ukoo wa Ling anajua wake ni upi. Mlango wa kati ni wa waliofaulu, tangu enzi zile mababu waliochongwa majina pale juu walipokwenda kufanya mitihani ya mfalme. Sisi wengine hupita pembeni, hata ukiwa na gunia la majani ya chai mgongoni.

Mimi na mdogo wangu Desong tumepita pembeni miaka arobaini. Kila mara hunishika bega na kucheka: "Twende zetu, kaka! Mlango wa mambumbumbu hauna foleni!" Nami hucheka. Loo, nimecheka kicheko cha uongo mpaka taya zimezoea.

Ukweli ni huu. Mwaka ule tulifanya wote mtihani wa chuo kikuu, nikatumwa mimi mjini kuuliza matokeo. Mimi nilifeli. Desong alifaulu, na mwalimu akanikabidhi barua ya Desong ya kuitwa chuoni. Njiani kijicho kilinishika. Mimi ndiye mkubwa. Nitasimamaje pembeni nikitazama mgongo wa mdogo wangu ukipita katikati? Nilifika nyumbani nikasema, "Tumefeli wote." Nilidhani atarudia mwakani. Mjinga mimi! Alisema, "Kama wewe umeshindwa, kaka, mimi ni nani?" Akachukua jembe, hakugusa kitabu tena.

Juzi mjukuu wake Yunqiao alifaulu mtihani huohuo. Leo asubuhi ukoo mzima ulijaa langoni na fataki na vitambaa vyekundu. Desturi yetu ni kwamba anayefaulu hushikwa mkono na mtu wa nyumba yake aliyefaulu kabla yake. Nyumba ya Desong haina mtu huyo, kwa hiyo wazee walimleta mwalimu mmoja wa nyumba nyingine.

"Simtaki," alisema Yunqiao. "Namtaka babu."

"Babu yako alifeli, mama wee," Desong akamjibu, akicheka. "Mimi na babu mkubwa tutakupokea upande wa pili. Sisi tuna mlango wetu, au siyo, kaka?"

Akanishika bega. Barua ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeitoa chini ya sanduku la nguo za baridi alfajiri ile, nikiapa nitasema, kisha nikiapa sitasema. Aibu ilinichoma mpaka masikio. Nilijikaza kisabuni, nikaitoa.

"Desong, hukufeli. Nilikuficha barua hii. Nisamehe."

Aliisoma amesimama. Alisoma jina lake, akaisoma tena tangu mwanzo, kidole kikifuata mistari kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mama yetu," alisema hatimaye. "Kila mwaka tukifagia makaburi alipiga magoti kuwaomba radhi mababu kwa ajili yangu. Kwamba amezaa mzembe. Na wewe ulikuwa pale, kaka. Wewe ndiye uliyekuwa unamshikia ubani."

Mama alikufa akiniita mimi mwanaye mwema.

Nilingoja anipige, wallahi ningeshukuru. Hakunipiga. Aliikunja barua, akaiweka kifuani, akapangusa viganja vyake kwenye suruali.

"Njoo, Yunqiao," alisema.

Mwalimu alisogea kando bila kuambiwa. Desong alimshika mjukuu wake mkono, wakapita mlango wa kati polepole, mzee wa miaka sitini akiinua miguu juu kama anayeogopa kujikwaa. Fataki zikalia, watu wakashangilia, wanawake wengine wakilia.

Nilingoja. Miaka yote hugeuka kunitafuta. Safari hii hakugeuka.

Nikaenda kwenye mlango wa pembeni, nikapita peke yangu.