Kiko Kimoja Kizima

Kifuniko cha sufuria kilianza kugongagonga gizani, nikajua mama yangu ameshaamka na amebandika maji. Alfajiri ilikuwa bado. Pembeni yangu binti yangu alikuwa ameketi kitandani, mabega yamepanda, kifua kinapiga mluzi. Ana miaka mitano, lakini kifua chake kikianza vituko utadhani ni cha mzee wa miaka themanini.

Nilimbeba mpaka jikoni, nikamwinamisha juu ya beseni la maji ya moto na kumfunika shuka kichwani.

"Vuta ndani, mwanangu. Shusha mpaka chini kabisa. Haya, toa polepole."

Nilivuta naye, nikatoa naye, kama ninavyofanya kila mara. Mwili wangu umeshazoea, hata asiponihitaji huvuta wenyewe.

"Huyu mtoto anakula mvuke kuliko ugali," mama akasema. Kisha akapunguza sauti. "Na wewe bado unakwenda kuvuta huo uchafu leo?"

"Nakwenda, mama."

"Mtoto ana kifua, mama yake anatafuta moshi. Makubwa haya!"

"Nitavutia kulekule kazini. Nitaoga kabla sijarudi."

"Moshi si tope, useme utaoga."

Hesabu yangu nilikuwa nimeipiga siku nyingi. Mimi hufunga tumbaku ya kiko kwenye makopo. Naingia asubuhi, natoka jua limezama, na siku tatu kwa wiki napitiliza hadi darasa la jioni. Baba wa mtoto huendesha malori ya safari za mbali, huonekana mwisho wa mwezi kama mwezi wenyewe. Kwa hiyo binti yangu hunijua mimi ninayefunga mlango asubuhi, au mimi ninayesinzia juu ya daftari. Ila mwonjaji wa tumbaku hurudi nyumbani saa sita mchana. Hapendelewi. Ulimi ukishapita saa hiyo haufai tena kuonja, ni kisu butu. Mzee Pua, aliyekalia kigoda cha uonjaji tangu mimi sijazaliwa, alikuwa anastaafu, na tajiri alitangaza: atakayemaliza kiko kimoja kizima cha ile nyeusi, kali kuliko zote, na kusema kilichomo, kigoda ni chake.

Sikuwahi kuvuta hata sigara. Lakini niliwaza: mchana mzima, kila siku, mimi na mwanangu. Nitamfundisha kusoma. Nitamsuka nywele bila haraka.

Chumba cha kuonjea ni kidogo, madirisha hayafunguliwi ili majani yasikauke. Kuna meza, mizani ya shaba, na kigoda kilichobonyea katikati. Mpakiaji mmoja, mtu wa misuli, alikuwa ametangulia. Tulimwona akitoka mbio ameziba mdomo, kiko hakijafika hata nusu. Mwenzangu wa mezani, tunayemwita Redio, alinisindikiza hadi mlangoni.

"Jamani, mwanafunzi wetu leo anageuka bomba la moshi! Shoga, ukianguka angukia upande huu nikudake. Makopo ya leo siyafungi peke yangu."

"Nyamaza, utanichekesha."

"Cheka sasa. Ukitoka humo utakuwa umesahau."

Mzee Pua alinitazama juu ya miwani. "Umekula, binti?"

"Nimekula," nikadanganya. Kipande changu cha mkate nilimwachia mtoto.

Alinionyesha kujaza. Ile nyeusi ilikuwa na unyevunyevu, inang'aa kama imepakwa mafuta, na harufu yake ilikaa kati ya ngozi ya kiatu na sukari iliyoungua. "Shindilia kama unavyomfunika mtoto," akasema. "Baridi isimpate, hewa asikose." Hilo nililijua vizuri. Ambalo hakuniambia, kwa sababu wenye kazi hiyo hawana haja ya kuambiana, ni kwamba moshi wa kiko haumezwi. Nani humwambia mtu asile mfupa?

Akawasha njiti. Tajiri alikuwa amesimama pembeni, saa mkononi. Nami nikafanya kile ambacho mwili wangu hufanya kila kitu cha moto kikija usoni: nikavuta ndani, nikashusha mpaka chini kabisa.

Kwanza hakuna kilichotokea. Kisha nikahisi mtu amenipiga ngumi kifuani akiwa ndani ya kifua. Machozi, mate, jasho la baridi, vyote vikaja kwa mpigo. Kwikwi zikanishika. Chumba kikainama upande mmoja na kugoma kurudi.

"Mama wee! Umemeza?" Mzee Pua aliruka. "Nani alikwambia umeze? Ni wa mdomoni tu huo, uchezeshe mdomoni, uutoe!"

"Tumpe maji aende," tajiri akasema.

"Hapana," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Sijamaliza."

Mzee alinilambisha sukari kidogo. Nilishika meza kwa mkono mmoja, kiko kwa mwingine, nikavuta tena, safari hii mdomoni tu. Pilipili. Ngozi. Utamu ulioungua. Nilikuwa nikihesabu saa kama punje za tasbihi: saa saba, saa nane, saa tisa, saa zote za mchana ambazo mwanangu angekuwa nami. Ndipo chini kabisa ya ule ukali nikakutana na kitu ninachokijua. Ni harufu ya ukuta nyuma ya kitanda chetu, ule ninaousugua kila mvua zikiisha ili mtoto apumue.

"Kuna jani lenye ukungu humu," nikasema.

Tajiri alimgeukia Mzee Pua kwa hasira. Mzee akatabasamu taratibu. "Ni moja tu. Nimelitia mwenyewe jana. Mpakiaji hakulisikia."

Nikavuta mpaka majivu.

"Jumatatu kigoda ni chako," tajiri akasema. "Viko sita kila asubuhi. Mzigo ukiwa mwingi, vinane."

"Sita?"

"Ulidhani kimoja? Na sabuni yenye marashi usiiguse, itakuharibia pua. Sasa nenda nyumbani, umepauka kama majivu."

Mzee Pua alinifuata hadi bombani. "Una watoto?"

"Mmoja."

"Wangu walinizoea," akasema. Akafuta miwani. "Au walizoea kukaa mbali. Sikuwahi kuwauliza."

Nilisukutua kwa chumvi mara tatu. Nilinawa uso, shingo, mikono hadi viwikoni, nikabadilisha gauni. Njiani nilisimama mara mbili kutapika, na katikati ya kutapika nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe. Jua lilikuwa utosini. Sikuwa nimeuona mtaa wetu saa hiyo kwa muda mrefu, nguo za majirani zimekauka kwenye kamba, mbwa wamelala.

Binti yangu alinisikia kabla sijafika. Alitoka mbio, peku, akanirukia, akazika uso shingoni mwangu palepale anapopapenda. Nilimkumbatia. Mama alisimama mlangoni, mwiko mkononi.

Nilihesabu pumzi. Moja, mbili. Ya tatu ikakwama. Mwili wake mdogo ukakaza, akaanza kukohoa, kile kikohozi cha alfajiri, saa saba mchana. Nilimshusha haraka, nikarudi nyuma hatua mbili, tatu, nikajifanya natafuta viatu vyake.

Alipopata pumzi alifuta mdomo kwa kiganja. Hakuwa amekasirika. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni asiyejua njia.

"Mama, unanikohoza," akasema.